Mlango Namba 8081

Mama alipoteza miwani yake Jumatatu asubuhi, na Jumatatu hiyo hiyo jioni nikamkuta ameivaa.

"Umeipata wapi?" nilimuuliza. Kabla ya kwenda kazini nilikuwa nimeitafuta mpaka nikachelewa. Nilitazama chini ya mto, ndani ya kikapu cha dawa, hata kwenye friji, kwa sababu mwezi uliopita niliikuta huko.

"Ilikuwa juu ya kabati, nyuma ya redio," alisema. "Baba yako ndiye aliyeniambia."

Baba alifariki miaka sita iliyopita.

Sikushtuka. Mama ana ugonjwa wa kusahau, na kwa muda wa mwezi mzima alikuwa akinisimulia maongezi yake na baba. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini saa kumi na kukuta vikombe viwili mezani, kimoja kimenywewa, kingine kimejaa chai iliyopoa na kufanya utando. Bi Sindano, jirani yetu, nesi mstaafu anayekaa na mama tangu asubuhi hadi saa nane mchana, aliniambia nisimbishie. "Mwache na mumewe," alisema. "Wengine waume zetu wako hai na hawatuongeleshi." Nilicheka, yakaishia hapo.

Siku hiyo, hata hivyo, nilisimama mbele ya lile kabati nikaliangalia. Ni refu kunishinda. Mama amepinda mgongo na haoni hata ukingo wake wa juu. Fagio lilikuwa limelala sakafuni. Bila shaka ndilo alilotumia kuivuta miwani. Nilileta stuli nikapanda. Kwenye vumbi la juu ya kabati kulikuwa na alama mbili za duara na mchirizi wa mti wa fagio. Nikainua kichwa, nikakutana uso kwa uso na kamera.

Tumeifunga kwenye pembe ya ukuta, chini kidogo ya dari. Kutoka pale, na pale tu katika chumba kizima, sehemu ya juu ya kabati inaonekana yote.

"Mama," nilisema, na sauti yangu ilitoka ndogo, "baba akiongea huwa yuko wapi?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto mzito wa kuelewa. Akanyoosha kidole kwenye pembe ya ukuta. "Si yuko pale? Taa ya bluu ikiwaka, ndiyo amefika."

Ile taa huwaka kukiwa na mtu anayeangalia. Mimi huangalia mara mbili, tatu, nikiwa kazini, kuona kama mama yuko kwenye kiti chake. Kamera ina kipaza sauti pia, lakini sijawahi kukitumia.

Nilishuka kwenye stuli polepole. Nilitaka kuchomoa waya wa kamera wakati ule ule, na mkono wangu ulikwishafika kwenye soketi. Kisha nikauacha. Ningechomoa, nisingejua ni nani anayeongea na mama.

Mimi ni fundi wa kutengeneza vyerehani. Sikusomea. Nilijifunza kwa kufungua mashine mbovu, kuandika kila skrubu imetoka wapi, kisha kuirudisha. Ruta ya nyumbani nilijifunza kwa njia hiyo hiyo, na daftari langu lina kurasa kumi na mbili za ruta peke yake. Mdogo wangu, anayefanya kazi mji mwingine, huniita Injinia, na hanisifu.

Baba naye alikuwa fundi, wa makufuli. Mteja akiweka ufunguo mezani, baba aliufunika kwa kiganja kabla hajauliza shida ni nini, kwa sababu mwenye jicho la kazi akiuona ufunguo mara moja anaweza kwenda kuuchonga. Tena hakuwahi kuchonga ufunguo mmoja. Kila kufuli la nyumba hii lilikuwa na funguo mbili, mmoja wa kutumia na mmoja aliouficha mahali anapopajua mwenyewe. Mama alikuwa akimtania kwamba hata mke angeoa wawili, wa pili amfiche. Baba alipokaribia kufa alimfunga mama kiunoni, kwa kamba, ufunguo wa geti. Mama hajauvua. Mwaka jana nilijaribu kuuchukua akiwa anaoga, akakataa chakula siku mbili, nikaurudisha. Sikuona ubaya wowote. Hajawahi kufungua geti bila kuitwa, na hakuna anayemwita.

Jumanne niliomba ruhusa kazini nikarudi saa saba. Nilimweleza Bi Sindano jikoni, kwa kunong'ona. Alivuta kanga yake mabegani.

"Kwa hiyo mwezi mzima mwanamume ananiangalia nikimbadilisha mama yako nguo?"

"Sijui kama ni mwanamume."

"Wewe hujui, mama yako anajua," alisema. "Mama yako anamwita mume." Alijaribu kucheka akashindwa.

Tulikubaliana aondoke saa nane kama siku zote, kwa kelele zake zile zile, aage, na mama afunge geti nyuma yake. Mimi nilivua viatu nikajifungia sebuleni. Ruta iko pale, juu ya kijirafu. Niliiunganisha na kompyuta yangu kuukuu kwa waya, nikaandika anwani yake, nikaingia. Niliupita ukurasa wa kwanza, ule rahisi wenye jina la mtandao na neno la siri, nikabonyeza sehemu ya mipangilio ya ndani zaidi. Hapo kuna onyo kwamba usiguse usichokijua.

Nilianza na orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Vilikuwa vitano. Simu yangu, simu ya Bi Sindano, televisheni, kompyuta, kamera. Nilivihesabu mara tatu, na nilipumua kidogo. Hakukuwa na mgeni ndani. Labda mama aliona ndoto tu, labda Bi Sindano ndiye aliyemwambia miwani iko wapi akasahau.

Kisha nikafungua ukurasa wa kumbukumbu, ambamo ruta huandika kila aliyeingia na kutoka. Sikuwa nimewahi kuusoma. Una mistari mingi kama risiti ndefu. Niliandika kwenye daftari kila mstari uliotoka nje ya nyumba kuja kwenye kamera, na siku yake, na saa yake.

Jumatatu, saa nane na dakika sita. Jumamosi, saa nane na dakika nne. Ijumaa, saa nane na dakika tano. Nilirudi nyuma wiki nne. Kila siku ilikuwa baada ya Bi Sindano kuondoka, na kila siku huyo aliyeingia alitoka kabla ya saa kumi, kabla sijafika. Jumapili hakukuwa na kitu. Jumapili mimi hushinda nyumbani.

Mtu huyu alikuwa na ratiba yetu.

Nilitazama saa ya kompyuta. Saa nane na dakika tano. Nikabonyeza ukurasa ujifungue upya, na mstari mpya ukaja juu kabisa ya mingine.

Upande wa pili wa ukuta, mama alicheka.

Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu baba afe. Nilitoka sebuleni kwa vidole vya miguu, nikasimama kwenye korido, nje ya mlango wa chumba chake, mahali ambapo kamera haifiki.

"Bi harusi," ilisema sauti. "Umekula?"

Baba alimwita mama hivyo, bi harusi, mpaka siku ya mwisho. Hii haikuwa sauti ya baba. Ilikuwa ya mtu mzima, ya taratibu, yenye adabu, kama ya karani anayekuomba usubiri kidogo. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kumsikia mhuni.

"Nimekula," alisema mama. "Wewe je? Huko nani anakupikia?"

"Hakuna. Ndiyo maana nataka kurudi. Geti bado lile la kijani?"

"Uliondoka zamani wewe! Tumelipaka bluu. La tatu ukitoka kwenye duka la saruji, mkono wa kushoto. Nyumba zimeongezeka, utapotea."

"Sitapotea. Na ufunguo?"

"Huu hapa." Nilisikia ufunguo ukigonga kiti. "Si ulinifunga mwenyewe?"

"Binti bado anarudi saa kumi?"

"Saa kumi. Yule na vyerehani vyake."

"Basi kesho saa tisa, bi harusi. Nitagonga mara tatu. Usimwambie, nataka kumshangaza."

"Sisemi," alisema mama, kwa sauti ya msichana.

Nilirudi sebuleni. Nilikaa sakafuni, kompyuta mapajani, na kwa dakika kadhaa sikuweza kusoma kilichoandikwa. Nikampigia mdogo wangu.

"Injinia! Umeunguza nini tena?"

"Sema kwa sauti ya chini. Wewe bado unamwangalia mama kupitia ule mlango niliokufungulia?"

"Mlango gani?"

"Mwaka jana. Simu yako ilikuwa inakataa programu ya kamera, nikakufungulia njia kwenye ruta."

"Dada, mwezi ule ule si nilinunua simu mpya? Natumia programu kama wewe. Nilikuambia." Utani ulimtoka. "Kwani nani anautumia?"

Nilikuwa nimeshafungua daftari. Ukurasa wa tisa, kwa mwandiko wangu, wino wa bluu: *Mlango namba 8081, kutoka nje kwenda kamera, kwa ajili ya mdogo wangu. Ufungwe akipata simu mpya.* Na pembeni, alama ya vyema.

Nina tabia ambayo sikuijua mpaka siku ile. Alama ya vyema naitia nikimaliza kuandika, si nikimaliza kufanya. Kwenye cherehani haijaniumbua, kwa sababu mkono unaandika na mwingine tayari unafunga skrubu. Lakini hili niliandika leo la kufanywa kesho, nikatia alama, na kila nilipofungua ukurasa ule niliiona alama nikaridhika.

Nilikwenda kwenye ukurasa wa milango ya ruta. Ulikuwepo. Mmoja tu, namba 8081, wazi.

"Dada? Uko hapo?"

"Niko hapa. Najiuliza ameupataje. Milango iko mingi sana, maelfu."

"Uliwahi kumpa mtu?"

Nilitaka kusema hapana. Kisha nikakumbuka. Siku nilipoufungua ulinigomea kwanza, nikaomba msaada kwenye kundi letu la simu, mafundi wa kujifunza wenyewe, watu mia nne na kitu. Nilipiga picha ya skrini nzima nikawatumia ili waone nilipokosea. Kwenye picha ile kulikuwa na jina la nyumba yetu mtandaoni, namba ya mlango, na chini yake jina na neno la siri la kamera, ambalo sikuwa nimelibadilisha tangu kiwandani. Walionijibu walikuwa wema, mmoja alinielekeza hatua kwa hatua mpaka ikakubali. Huenda ni mmoja wao. Huenda ni mtu aliyetumiwa picha na mwingine. Sijui, na sitaki kumsingizia mtu. Ninachojua ni kwamba niliuweka ufunguo mezani, mbele ya watu mia nne, na hakukuwa na kiganja cha baba cha kuufunika.

"Ufunge sasa hivi," alisema mdogo wangu.

"Nikiufunga atajua. Amesema kesho saa tisa. Sasa hivi angalau najua anakuja lini."

"Dada, mtu anamtazama mama yetu. Ufunge."

Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa naogopa kitufe. Nilijiambia kwamba mtandao kwetu hukatika mara kwa mara, atadhani umekatika. Nilichagua ule mstari, nikaufuta, nikahifadhi. Kisha nikaendelea, mmoja mmoja, nikisoma kwa sauti ya chini ili nisiruke. Nilizima kipengele kinachoruhusu kifaa cha ndani kijifungulie mlango bila kuuliza. Nilizima ruhusa ya kuiongoza ruta ukiwa nje. Nilibadilisha neno la siri la ruta, la mtandao, na la kamera. Mara hii nilitia alama baada ya kuhakikisha kila kimoja kwa macho. Mwisho niliiwasha ruta upya. Taa zake zote zilizimika, na nyumba ikawa kimya kama imeshikilia pumzi.

"Mwenzangu?" mama aliita chumbani. "Mwenzangu, umekwenda wapi?"

Taa zilirudi moja baada ya nyingine. Nilifungua kumbukumbu. Kwa dakika nzima hakukuwa na mstari. Kisha ukaja: kutoka nje, mlango 8081, umekataliwa. Tena. Tena. Mara tano, kila baada ya sekunde chache, kama mtu anayetikisa kitasa. Kisha 8082, umekataliwa. 8083. 8084. Alikuwa anaizunguka nyumba yetu, anajaribu mlango mmoja mmoja, kwa utaratibu, bila haraka, kama ambavyo ningefanya mimi. Niliitazama ile mistari ikishuka na sikuweza kuondoa macho. Ilipofika zaidi ya mia mbili, ikakoma.

Ilipokoma nilifunga kompyuta.

Nilikwenda kituo cha polisi jioni ile, Bi Sindano akiwa amerudi kukaa na mama, mdogo wangu akiwa simuni ananisaidia kueleza. Ofisa aliandika yote. Aliniuliza kama kuna kitu kimeibiwa, nikasema hapana. Kama namfahamu, hapana. Kama amemtishia mama. Nilifikiri, nikasema, "Amemuuliza kama amekula." Aliinua kichwa akanitazama, akaweka kalamu chini. Alinipa namba yake, akasema atahakikisha gari liko karibu kesho saa tisa, nipige tu.

Niliporudi nilichukua kisanduku cha baba cha makufuli kilichokuwa uvunguni. Kufuli la dukani hufunguka kwa pini ya nywele; baba alinionyesha nikiwa na miaka tisa. Nilichagua moja zito, la shaba, lenye ufunguo wake ndani, nikalifunga getini badala ya lile la zamani. Ufunguo nikauvaa shingoni, kisanduku nikakiacha kibarazani. Mama alikuwa akiniangalia dirishani. Ufunguo wa kiunoni mwake sasa haukuwa wa mlango wowote duniani, na hakujua. Nililala nikijiambia kwamba nimefanya kila kitu.

Jumatano mama alivaa gauni lake la zambarau na kupaka mafuta mikono. Hakutaka kusema kwa nini. Bi Sindano alikataa kuondoka saa nane. Alikaa jikoni na mchi magotini. "Nimewachoma sindano wanaume wa misuli wakalia kama vitoto," alisema, ila uso wake ulikuwa wa majivu na alikuwa akijipima mapigo ya moyo kwa vidole.

Saa tisa kasoro dakika tano mama alitoka kibarazani akakaa kwenye kiti kinachotazama geti. Nilikaa karibu yake.

"Wewe leo hukwenda kazini?" aliniuliza kwa mashaka.

"Nimepumzika, mama."

"Utaharibu," alisema, akaangalia pembeni.

Tulisikia viatu kabla ya kusikia kingine chochote. Vilikuja kwa mwendo wa mtu anayehesabu nyumba. Vikasimama. Geti letu haligusi chini. Kuna nafasi ya kiganja kimoja, na kwenye nafasi ile niliona ncha mbili za viatu vya ngozi, vya kahawia, vimepigwa rangi vikang'aa. Baba alivaa viatu vya kahawia. Ni mama pekee ambaye angeweza kumwambia hilo.

Alibisha. Moja. Mbili. Tatu.

"Bi harusi," ilisema ile sauti, sasa bila mkwaruzo wa kipaza sauti, karibu kabisa. "Nifungulie."

Mama aliinuka kwa wepesi nisioujua. Nilimshika mkono, akauchomoa. Alifika getini, akainua kamba ya kiunoni, akatia ufunguo kwenye kufuli. Haukuingia. Akaugeuza, akajaribu tena. Chuma kiligongana na chuma.

"Haukubali," alisema mama. "Mwenzangu, haukubali."

"Jaribu polepole," ilisema sauti kutoka ng'ambo, kwa upole ule ule. "Usihangaike. Nipo."

"Nani wewe?" nilisema hatimaye. Nilidhani nimepaza sauti; Bi Sindano aliniambia baadaye kwamba hakusikia neno.

Yeye alisikia. Viatu havikusogea. Tulikuwa tumetenganishwa na bati, nasikia anavyovuta pumzi kwa pua, na najua naye alikuwa akinisikia. Kwenye tundu la geti, lile la kupitishia mkono, vidole vinne viliingia, safi, kucha zimekatwa vizuri. Vililigusa kufuli la baba, vikaligeuza kidogo kulipima, vikatoka. Kisha viatu viligeuka, vikaondoka kwa mwendo ule ule.

Mama aligeuka akanitazama.

"Umembadilishia baba yako kufuli," alisema.

Nilimrudisha kibarazani, nikakimbilia koridoni, nilikokuwa nimeacha simu, kumpigia yule ofisa. Bi Sindano alikuwa ameketi sakafuni jikoni, presha imempanda, kichwa ukutani. Niliweka simu sikioni, nikamimina maji, nikamwinua, nikawa namweleza ofisa: viatu vya kahawia, ameelekea dukani, hapana, sikuona uso. Alisema wanakuja, dakika tano. Aliniuliza kama geti limefungwa.

"Limefungwa," nilisema. "Nimelifunga mwenyewe. Ufunguo ninao mimi, hapa shingoni."

"Uko mmoja tu?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Mkono wangu ulikuwa kwenye ufunguo, na kwa kidole nilikuwa nahisi alama ya tupa ya baba. Kisha nikasikia, kutoka uani, mlio mdogo wa chuma kumwagwa juu ya saruji.

Niliangusha simu. Mama alikuwa amepiga magoti chini ya geti, gauni la zambarau limejaa vumbi, kisanduku cha baba kimepinduliwa mbele yake. Alikuwa akijaribu ufunguo mmoja mmoja, bila haraka, usiokubali anauweka kushoto. Na kabla sijafika niliona ametulia, ameubandua mmoja uliokuwa umenata kwa gundi chini ya kifuniko cha kisanduku. Kufuli liliitika kwa mlio mmoja.

Alisukuma geti akatoka.

Nilimkuta barabarani, hatua tano nje, mikono amenyoosha mbele. Barabara ilikuwa na jua na haikuwa na watu. Mwisho wake, kwenye kona ya duka la saruji, mtu mmoja mrefu mwenye shati jeupe alikuwa amesimama, mgongo kwetu. Alikuwa amesikia geti. Aligeuza kichwa taratibu, akatuona wote wawili, na kwa muda ambao sitaweza kuupima alibaki anatutazama kama anayefanya hesabu. Kisha ulisikika mngurumo wa gari likija kutoka upande wa pili, naye akapinda kona.

Nilimkumbatia mama kwa nguvu zaidi ya zinazofaa, nikamrudisha ndani, nikafunga, nikauchukua na ule ufunguo wa pili. Niliutia kwenye kamba shingoni pamoja na wa kwanza. Nilijaribu kufuli kwa mkono. Nikalijaribu tena.

Mama alikuwa anapangusa vumbi gaunini. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa ananiangalia kwa huruma, kama zamani nilipokuwa nikiamka kwa ndoto mbaya.

"Unatetemeka," alisema, akanishika mikono yote miwili. "Mwanangu, baba yako umeanza kumwogopa lini?"